Mstari Nilioufuta Mchangani

Nyuma ya nyumba ya wageni ninakopika, hapa Kasulu, kuna mashimo matatu ya gofu. Aliyachimba daktari mmoja mgeni, akahama, akatuachia fimbo nne na mipira myeupe isiyo na alama. Tunaocheza ni mimi na mzee mwenye duka la vitenge sokoni, asili yake Tanga. Miaka mitatu, hakuna kati yetu aliyewahi kuingiza mpira shimoni kwa pigo moja. Tulikubaliana atakayeingiza jina lake liandikwe kwa chaki ukutani, jikoni kwangu. Ukuta ulikuwa mtupu.

Jumapili ile nilitoka misa ukungu bado umelala bondeni. Nikapiga mimi, akapiga yeye. Tulipofika shimoni, mpira mmoja ulikuwa majanini, upande wa kulia. Wa pili hatukuuona.

Kuzunguka shimo tumemwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ili usipeperuke, na mpira ukipita huacha mstari. Huwa tunausawazisha kwa kuburuta gunia. Basi na mimi, kwa mazoea tu, nikaburuta gunia. Nilipomaliza ndipo mzee akachungulia shimoni.

"Upo humu," akasema.

Upo upi? Mpira wake huja umepinda, wangu hutambaa moja kwa moja. Mstari ungesema, na nilikuwa nimeufuta kwa mkono wangu.

Mzee akaokota ule wa majanini. "Huu ndio wangu. Niliuona ukienda kulia."

Kwenye ukungu ule?

"Mzee, apa."

Akacheka. "Mwanangu, niape kwa ajili ya mpira? Mpishi gani anakataa chakula chake mwenyewe?"

Nikamwambia sitaki cha mtu. Nilimuuliza tena mara mbili, akajibu habari za chai, halafu za mvua. Kusema haki, labda aliuona. Macho yake ni mazuri kuliko yangu, na sijawahi kumkamata na uongo. Lakini pia sijawahi kumwona akimnyima mtu kitu. Na kibaya zaidi, nilitaka sana uwe wangu.

Tulipoingia jikoni nikafikiria kuandika majina yote mawili. Nikaona huo nao ni uongo, maana ulioingia ni mmoja. Nikaiacha chaki. Nilipotoka kuchota maji, mzee akaandika jina langu, kubwa, akaenda zake dukani.

Tangu siku hiyo nimeusogelea ukuta na kitambaa kibichi mara mbili. Mara zote mbili nimeishia kufuta meza.