Kompyuta Iliyojipigia Simu

Nilikataa kusaini. Naanza na hapo kwa sababu wanaonifahamu huanza na hapo, na wengine wananilaumu hadi leo. Barua ilikuwa tayari mezani, ya kukiri kwamba nilimpa mnunuzi binafsi siri za ofisi. Waliniambia nikisaini nitaondoka kwa amani, bila polisi. Kichekesho ni kwamba mchapaji wa ofisi ile nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo katibu aliigonga mwenyewe kwa taipureta ya zamani, kidole kimoja kimoja. Ilikuwa na makosa manne. Niliyahesabu huku wakinisubiri nishike kalamu.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipofika kwenye kahawa. Zamani mkulima wa Mbinga alikuwa na mnunuzi mmoja tu. Sasa kila ghala lililokuwa tupu pale mjini lilikuwa na mzani, na kibao cha bei mlangoni. Chama chetu cha wakulima kilishindana nao wote. Kila wiki ya msimu tulipanga bei yetu ya kununulia Ijumaa, tukaificha, na kuibandika Jumanne asubuhi. Mimi ndiye niliyeichapa. Nilikuwa na cheti cha kompyuta nilichokipata Songea, na nilikuwa mtu wa ziwani, mzaliwa wa Liuli, katika ofisi iliyojaa Wamatengo wa milimani, ukimwondoa meneja aliyehamia kutoka mkoa mwingine. Walinitania kwamba nanuka usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa. Nami niliwajibu kwamba wangejua kuogelea wasingekimbilia milimani. Utani huo haukuniuma hata siku moja, mpaka siku ulipoacha kuwa utani.

Kompyuta ilianza visa mwezi wa saba, baridi ikiwa kali. Niko katikati ya barua, mara menyu ya juu inafunguka bila kuguswa. Nabonyeza herufi, na badala ya herufi kutokea, orodha nyingine inashuka. Nabonyeza kitufe cha kushuka mstari, printa inaunguruma na kutoa nakala ambayo sikuiomba. Nilidhani ni vidole vyangu vimekufa ganzi. Nilifunga menyu, nikatupa nakala kwenye boksi chini ya meza, nikaendelea na kazi.

Halafu modemu nayo ikaanza. Ni kile kisanduku tulichofungiwa mwezi ule ule, cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu. Taa zake nyekundu ziliwaka zenyewe, ukafuata ule mlio wake wa kukwaruza, na mimi wakati huo nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Katibu alikuwa anapita. Aliitazama mashine, akanitazama mimi, akaenda zake.

Jumatatu iliyofuata, ghala la ng'ambo ya barabara lilibandika bei iliyoizidi yetu kwa shilingi kumi, siku moja kabla hatujaitangaza. Wiki iliyofuata ikawa vile vile. Wakulima wa Matiri na Ukata walipitisha magunia yao mbele ya mlango wetu wakaenda ng'ambo, na wengine walitusalimia kabisa walipokuwa wanapita.

Kikao cha wajumbe kikaitishwa. Watu kama thelathini walikuwa ukumbini, na mimi nilikuwa naandika kumbukumbu. Katibu akasimama.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mashine ya huyu dada inapiga simu mchana kweupe, yeye anakunywa chai. Inampigia nani?"

Mjumbe mmoja akadakia kwamba mtu wa ziwani kahawa haimhusu, yeye alikulia kwenye mtumbwi. Watu wakacheka. Meneja hakucheka. Alisema, "Kumbe tumefuga msaliti." Nililiandika neno hilo kwenye kumbukumbu kama lilivyotamkwa. Hasira ilikuwa imeukaza mkono wangu.

Kwa hiyo siku ya barua nilimwambia meneja, "Mzee, heshima yako unayo, lakini saini yangu huna. Nipe siku tatu na ile mashine. Nikishindwa, polisi nitakwenda mwenyewe kwa miguu yangu." Alinipa mbili, na katibu awe amekaa pembeni yangu muda wote. Wadogo zangu wawili walikuwa wanasoma Kigonsera kwa mshahara wangu. Lakini nikisema niliwafikiria wao nitakuwa nadanganya. Nililifikiria lile neno.

Siku ya kwanza nilimvutia katibu kiti, nikawasha kompyuta, nikafungua programu zote kama nilivyozoea. Kisha nikaweka mikono mapajani.

"Kaka, angalia mikono yangu. Usiangalie taa."

Tukakaa. Saa nne na nusu modemu ikawaka na kukwaruza. Saa tano kamili ikarudia. Saa tano na nusu tena. Katibu aliikodolea macho mikono yangu kana kwamba itaota mingine.

"Sasa anapiga nani?" akauliza.

"Si ndilo swali lako la kwenye kikao?"

Nusu saa, nusu saa. Mwizi gani anaiba kwa ratiba? Niliingia kwenye mipangilio ya programu ya barua pepe, nikapekua ukurasa mmoja baada ya mwingine, hadi nikaikuta sentensi iliyotiwa tiki: angalia barua mpya kila baada ya dakika thelathini. Fundi aliyetufungia modemu aliitia tiki akaondoka, na hakutuambia. Niliitoa. Tukakaa saa nzima, modemu kimya. Kisha nikafungua orodha ya barua zilizotumwa, na katibu akazilinganisha moja moja na nakala za kwenye faili. Zote zilikuwa za meneja, zenye saini yake.

"Sawa," alisema. "Mashine haikupeleka kitu. Lakini bei ilitoka."

Nilitamani kumrushia kitu, kwa sababu alisema kweli. Kuitoa simu kwenye kosa hakukunitoa mimi.

Siku ya pili nilizishughulikia menyu. Nilichapa polepole, herufi moja moja, nikagundua kwamba vurugu huanza kila ninapogusa kitufe cha Alt. Kilikuwa kinashuka lakini hakipandi vizuri, na kikibaki chini, kila herufi inageuka kuwa amri. F inafungua menyu ya faili, P inaagiza kuchapisha, na ukishuka mstari umeshakubali. Nilikibandua kile kitufe kwa kibanio cha nywele. Chini yake palikuwa na punje moja ya ushanga wa buluu.

Katibu aliichukua, akaisogeza kwenye kitambaa cha kufuma tulichofunikia kompyuta. Kilikuwa kama vile vya kufunikia jagi la maziwa, na shanga pembeni za kukipa uzito. Mke wa meneja alikifuma kwa mikono yake, na amri ya meneja ilikuwa mashine isikae wazi hata saa ya chakula. Palikuwa na pengo kwenye pindo. Katibu akacheka, mara yake ya kwanza tangu kile kikao.

Mimi sikucheka. Nilirudisha ushanga mahali pake, nikaanza kuchapa. Menyu zikafunguka, nikashuka mstari, printa ikatema nakala. Nikautoa, mambo yakatulia. Nikaurudisha kwa mara ya pili, nakala nyingine ikatoka. Niliitupa kwenye boksi kwa mazoea, halafu nikabaki nimeinama pale pale. Boksi nililotupia hadi nakala za bei za kila Ijumaa lilikuwa halijai, na mimi sikuwahi kulimwaga.

"Kaka, hizi karatasi huwa zinakwenda wapi?"

Alilijua jibu kabla sijamaliza. Meneja alikuwa amepiga marufuku kuchoma karatasi zilizotumika upande mmoja. Kila Jumamosi boksi lote alipewa mama wa maandazi awafungie wateja, yule aliyeuza chai uwanjani, kati ya mlango wetu na wa lile ghala.

Tulimkuta anakaanga. Nilimwamkia, nikaagiza mawili. Alinifungia kwenye nusu ya barua yetu ya kwenda wilayani.

"Mama, na wale wa ghalani wananunua hapa?"

"Wananunua sana, mwanangu. Yule mkubwa wao huwa anasoma kwanza ndipo ale. Anasema ofisi yenu mna mwandiko mzuri."

Katibu alikaa kwenye benchi, akavua kofia. Mimi nilikula maandazi yangu yote mawili. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Jioni ile meneja alituita ofisini kwake. Alisikiliza hadi mwisho, akaichana ile barua mbele yangu. "Binti, yamekwisha. Kesho rudi kwenye kazi zako."

"Hayajaisha, mzee. Neno lilisemwa mbele ya watu thelathini. Halifutiki mbele ya watatu."

Huko nje katibu alinisihi. Alisema mkubwa hasukumwi, na kwamba kushukuru ni nusu ya kupata. Nilimwambia sikuwa nimepata kitu, nilikuwa narudishiwa changu.

Kikao kilichofuata meneja alifungua kwa kusema, "Ile hitilafu ya kimitambo imerekebishwa. Tuendelee na ajenda."

Nikasimama. Niliogopa, sitaficha, na hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Mzee, mashine haikuitwa msaliti. Niliitwa mimi."

"Kaa chini, binti."

"Nitakaa ukishasema."

Yule mjumbe wa mtumbwi aliangalia viatu vyake. Meneja alipanga karatasi zake, akazipanga tena, akaniangalia kama nitachoka. Sikuchoka. Mwishowe akasema chini chini, akiongea na meza, "Dada huyu si msaliti. Mimi ndiye niliyekosea."

"Wa nyuma hawajasikia, mzee," nikasema.

Akarudia.