Uso wa Mwanangu Kwenye Picha ya Pwani

Usinitazame hivyo. Mimi si mlevi, wala sitafuti watu wa kuniombea. Wameshaniombea wa kutosha hapa Naro Moru, na wengine walikula kuku wangu wakaenda zao. Hili ninalokueleza lilinipata mimi mwenyewe, mchana, mlango ukiwa wazi na jirani yangu akichoma mahindi hapo nje. Watu wakisimulia mambo ya mizimu hupenda kuyapeleka usiku. Yangu yalikuja mchana na yakavuta kiti.

Kazi yangu ni kuchora. Zamani nilikuwa naandika majina ya maduka na kuchora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha, mpaka mashine za kuchapisha mabango zikatunyang'anya riziki. Siku hizi nachora watu kutoka kwenye picha za kamera: maharusi, marehemu, babu na bibi. Mtu akiniletea picha iliyoliwa na mende, simfukuzi. Namuuliza, kuna ndugu aliyefanana na huyu? Huyo ndugu namkalisha dirishani, naazima pua, naazima mdomo, kazi inaisha. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika, na marehemu nao walikuwa wametulia.

Ilikuwa Julai, mwezi wa ukungu, wakati hata mlima wenyewe unapotea na wewe unavaa sweta mbili. Akaingia mama mmoja wa makamo, amevaa rinda jepesi la maua na patipati miguuni. Alikuwa anatokwa na jasho. Jasho, nakuambia, Julai, Naro Moru! Na alikuwa amekunja macho, kiganja juu ya paji la uso, kama mtu aliyesimama kwenye jua kali. Nikamkaribisha chai.

"Na hili joto?" akasema.

Nikacheka, nikidhani ananitania.

Akanipa picha ya zamani ya rangi, iliyoanza kugeuka nyekundu kwa uzee. Familia imesimama kwenye mchanga wa pwani, bahari nyuma yao. Baba amekunja suruali mpaka magotini, mama ana rinda la maua, kuna mvulana wa kaptura, na mbele yao msichana mdogo. Wote wamekunja macho kwa jua isipokuwa huyo msichana, kwa sababu hakuwa na macho. Uso wake wote ulikuwa umefutika, pamebaki weupe wa mviringo tu.

Rinda lilikuwa lile lile. Unaniuliza mbona sikukimbia? Kwani wewe hujawahi kuona binti akivaa nguo ya marehemu mama yake? Nilidhani ni hivyo.

"Nataka unichoree hii, kubwa," alisema. "Na huyu mtoto umuweke sura."

"Uko na picha yake ingine?"

"Hakuna. Ilikuwa hiyo tu."

"Basi niletee mtu wenu amefanana na yeye."

"Hakuna amebaki wa kufanana na yeye. Lakini alikuwa anaitwa Wangechi. Na hapo kwa mlango umeandika Mama Wangechi, ndiyo maana nimekuja kwako. Wako ni mkubwa?"

"Ako gredi ya tatu."

"Basi wametoshana. Si wenye jina moja ni mtu mmoja?"

Hapa nikueleze kitu kama wewe si wa kwetu. Jina kwetu si la kupamba. Binti yangu wa kwanza, na ndiye wa pekee, nilimpa jina la mama wa mume wangu kama desturi inavyotaka, na tangu siku hiyo mtoto ndiye mama mkwe wangu. Nikimchapa, mume wangu anauliza mbona nampiga mamake. Nikimtuma dukani, majirani wanacheka, ati namtuma mkwe! Ni utani wa kila siku, lakini chini ya utani kila mtu anaamini. Kwa hiyo nilimjibu yule mama kama mtu yeyote wa huku angemjibu.

"Ni mtu mmoja," nikasema.

"Sema tena."

"Wenye jina moja ni mtu mmoja, mama. Kwani wewe si wa huku?"

Akatabasamu. Akasema kwao ni Kianyaga, nyumba ya kwanza ukipita kituo cha kupokea majani chai, na akaenda.

Wangechi alipotoka shuleni nilimkalisha dirishani. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, hawezi kunyamaza, na siku hiyo pia alinichosha kwa hadithi za mwalimu wao. Nikachora huku nikimkaripia atulie. Sijawahi kuchora uso ukatoka vizuri vile. Nilipomaliza kutia macho, akanyamaza ghafla, akaweka kiganja kwenye paji la uso.

"Mami, mbona jua ni kali?"

Dirishani ukungu ulikuwa umejaa mpaka huoni barabara. Nikamwambia aache ujinga avae sweta.

Kesho yake yule mama alirudi. Nilimwonya kwamba picha bado ni mbichi, na rangi ya mafuta haikauki upesi kwenye baridi yetu. Ikiwa mbichi, nikamwambia, kitambaa chenye tapentaini kinafuta uso wote kwa mara moja. Ikishakauka, haitoki ila kwa kisu.

"Kwetu kuna jua," akasema. Akaibeba, na ile ya zamani pia.

Jioni hiyo Wangechi aliketi mezani akangoja kukaribishwa. Wangechi wangu, ambaye huchota nyama kwenye sufuria kabla haijaiva! Akala polepole, akaweka kijiko chini.

"Asante kwa chakula," akasema. "Mama yangu anakuja kunichukua saa ngapi?"

Baba yake akacheka. Mimi sikucheka. Nilimshika mabega nikamuuliza, mimi ni nani? Akanitazama, macho yamekunjwa, kwa adabu ya mtoto aliyelelewa vizuri na watu wengine.

"Wewe ni yule mama wa kuchora."

Ngozi ya pua yake ilikuwa inabambuka, kama ya wazungu wanaoshuka mlimani wamechomwa na jua.

Asubuhi nilitia chupa ya tapentaini kwenye mkoba, na kitambaa, na kisu changu cha kukwangulia rangi, nikaenda Kianyaga. Njia nzima niliomba jambo moja tu, kwamba rangi isiwe imekauka. Nilijua nikiuwahi ule uso ukiwa mbichi, nitamrudisha mtoto wangu.

Nyumba niliipata bila kuuliza mtu. Alinifungulia mwanamume wa miaka hamsini hivi, mkarimu, buti zake za shambani zikiwa na matope. Picha ilikuwa ukutani juu ya viti. Nikaenda moja kwa moja, nikaweka kidole kwenye shavu la mwanangu.

Kavu. Kavu kabisa.

"Hata sijui nani ameileta," akasema yule bwana. "Nimeamka nikaipata hapo. Nikadhani ni mke wangu ameninunulia. Unaona huyu wa kaptura? Ni mimi."

Akanieleza yote akiwa amesimama, na wewe sasa sikiliza. Walipigwa picha hiyo Mombasa, na kabla jua halijatua dada yake akachukuliwa na maji. Hakupatikana. Picha yake ilibaki hiyo moja, na mama yao alikuwa akiushika ule uso kwa kidole gumba kila siku, akiupapasa, mpaka sura ikaisha. Miaka mingi baadaye mama naye akafa. Wakamzika na rinda lake la maua, na picha mkononi.

"Nilikuwa nimesahau vile uso wa dada yangu ulikaa," akasema, akaanza kulia. "Sasa nimemuona. Ni yeye kabisa."

"Si yeye. Huyu ni mtoto wangu, nilimchora mimi. Nipe hiyo picha."

"Mama, tafadhali. Huyu ni Wangechi wetu."

Sikubishana naye. Nilitoa kisu nikakwangua kidevu, kidogo tu, rangi ikatoka unga mweupe. Simu yangu ikalia hapo hapo. Alikuwa mume wangu, na nyuma yake nilisikia mayowe ambayo sikujua mtoto anaweza kuyatoa.

"Rudi! Wangechi anatoka damu kidevuni, na hakuna kitu kimemkata!"

Kisu kikaanguka. Yule bwana akanishika mkono, akanipeleka hadi mlangoni taratibu, na unajua aliniambia nini kabla ya kufunga? Aliniambia asante kwa kazi nzuri.

Tangu hapo tumekwenda hospitali, tumekwenda kwa wachungaji, tumekwenda mpaka kwa shehe mmoja Nyeri mjini. Kila mmoja anasema mtoto ni mzima. Na kweli ni mzima. Kidonda cha kidevu kimepona. Anasoma vizuri, hanisumbui, anaosha kikombe chake mwenyewe na kukirudisha mahali alipokitoa. Nikimkumbatia anasimama wima akingoja nimalize. Barabarani akiona mwanamke wa rinda la maua anasimama, anaangalia, kisha anaendelea kutembea.

Mimi namchukia yule mama, nakwambia wazi. Najua alifiwa na mtoto, najua uchungu wake sasa kuliko mtu yeyote, na bado namchukia.

Kwa hivyo shika maneno yangu. Usiazime uso wa aliye hai kujazia wafu. Na mtu akikujia na picha yao akakuuliza jina la mtoto wako, mwambie huna mtoto. Ni afadhali umwambie mgeni uongo huo mara moja.

Juzi tulikuwa tunamenya viazi, mimi na yeye, akaniuliza kwa upole kama niliwahi kupata watoto. Nilimwambia sikupata. Akaweka kisu chini, akanishika mkono, akaniambia pole.