Kanyiva na Shemasi Mwenye Mbuzi

Mbuzi wa maziwa wa Kanyiva alipoibwa Tseikuru, majirani walimwambia asahau. Yeye akazunguka kila soko, hadi akamkuta katika soko la Kyuso, kwenye kamba ya Nthiwa, shemasi mwenye sauti ya kipaza.

"Nimemlea mwenyewe, mama. Mungu shahidi!"

Kanyiva humjua mwongo kwa urefu wa jibu, basi akamtupia swali.

"Chuchu yake ya kushoto iliziba kwa nini?"

"Mwiba! Tulikesha tukiomba, pasta akaiwekea mkono, lakini shetani akakataa kabisa."

Watu wakasema amina. Kanyiva akachuchumaa, akaikamua chuchu hiyohiyo ya kushoto. Maziwa yakaruka mpaka kwenye kiatu cha shemasi.

"Basi amepona leo," akasema, akifungua kamba. "Asante kwa maombi."