Ruta za Kuonyesha Wageni

Juzi nilikuwa kwenye duka la simu pale Bondeni, akaingia mama mmoja kutoka Ikolo na kuitua ruta kaunta kama anayerudisha kuku mgonjwa.

"Hii ni ya tatu, mwanangu, na intaneti imezidi kuwa mbovu. Binti yangu anasoma chuo kwa mtandao, sasa anakwenda kusomea barazani kwa jirani, mwenye ruta moja tu, tena kaiweka hivi hivi tu dirishani."

Fundi akauliza, "Za kwako umeziweka wapi, mama?"

"Sebuleni, juu ya kabati la televisheni. Nimezipanga pamoja, kila moja na kitambaa chake cha kufuma."

Fundi akashika kichwa. "Zikibanana hivyo zinavurugana. Hii kaiweke chumbani kwa binti."

Mama akamtazama kwa huruma. "Chumbani wageni wataionaje?"

Swali zito. Mama akafungua pochi. "Basi nipe ya nne, hiyo ndiyo ikakae chumbani."

Akashukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga," akaondoka ameridhika. Mimi namsikitikia yule jirani. Sijui wageni wake wanatazama nini, zaidi ya binti wa mwenzake akisoma.