Marapa wa Marekani na Mabinti Zetu Wawili

Siku sita za wiki nasuka nywele za watu hapa Rosettenville, kusini kabisa mwa Afrika, nimesimama tangu asubuhi, na ikifika Jumapili miguu hainitaki tena. Lakini Jumapili ndiyo siku ya kumpigia mdogo wangu aliye Ubelgiji, na kila mara nilikuwa namshurutisha binti yangu aongee na binti yake. Kwetu Lubumbashi mtoto wa mama mdogo ni ndugu yako, basi, hakuna neno la kumsogeza mbali. Wazazi wetu walishakufa, tumebaki wawili tu. Nilitaka siku sisi tukiondoka, hawa watoto wasiwe wageni.

Ila wangejuanaje? Wangu kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, halafu ananijibu kwa Kizulu. Yule wa Ubelgiji ana Kiholanzi cha huko, Kiswahili hana hata cha kuombea maji. Walikuwa wanatazamana kwenye simu kama wagonjwa kwenye foleni ya zahanati. Mimi huku nasukuma, mdogo wangu kule anasukuma, tunachoka wote wanne.

Jumapili moja yule wa kule akaona fulana ya binti yangu, yenye picha ya rapa wa Marekani. Akamtaja. Wangu akataja mwingine. Wakaendelea hivyo, jina kwa jina, wakicheka, mara wakawa wanapiga soga kwa Kiingereza. Yule mtoto Kiingereza chake chote alikitoa kwenye nyimbo hizo.

Nilikasirika, sifichi. Nimewasimulia habari za bibi yao mpaka koo likakauka, wakapiga miayo.

"Kumbe na huko wanawajua hao marapa?" nilimuuliza mdogo wangu.

"Yaya, dada yangu, we acha! Hata muzee mwenye kuuzisha mikate anawajua. Huku hakuna mutu anajua Lubumbashi iko wapi, lakini bale bamarekani? Kila mutu!"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Wageni hao walikuja wakachukua watoto, mwenyeji nikabaki na miguu yangu inayowaka. Tangu hapo wasichana walikuwa wanaandikiana kila siku, sisi mama zao tunaongea Jumapili.

Wiki iliyopita nimerudi kutoka saluni, hata viatu sijavua, binti yangu akaja kusimama mbele yangu, ujumbe wa mwenzake kwenye simu. Safari hii alijikaza kusema Kiswahili.

"Mama, mama mudogo iko hospitali."

"Nani? Nimeongea naye juzi, mzima kabisa."

"Eish, mama. Hapana muzima. Walimukata titi."

Nikakumbuka kuwa hiyo juzi hakuwasha kamera, alisema mtandao ni mbovu. Nikampigia palepale, nikamuuliza hali yake. Akajibu kwa sauti laini, Kiswahili chetu kitamu cha nyumbani.

"Tuko bien, yaya, tuko wazima. Unahangaika ya nini? Ni mafua tu."

Nilijua kwa nini ananificha. Mimi ningemficha vilevile, asije akalia peke yake huko mbali. Nikamwambia hata sisi tuko bien, nikakata simu, nikalia. Halafu nikamwomba binti yangu amuulize mwenzake kama mama yake anakula.