Tumbo la Kanga

Mpaka leo mke wangu akikunja kanga mbele za watu mimi hutazama pembeni, na ninyi mnaocheka hapo chekeni tu, maana nimeshachekwa na Rujewa nzima.

Wakati huo, miaka ya sabini, nilikuwa dereva wa lori, mnene kwelikweli, kila kituo nyama na bia, mpaka daktari mmoja pale Mbeya akanikuta na sukari. Akanipa vidonge, akaniambia nyama na mafuta niweke kando, nile maharage, kunde, majani ya maboga na ugali wa dona, tena kwa kiasi. Nilinuna (nilimwambia mke wangu kwamba sasa ameolewa na mbuzi), lakini baada ya miezi kadhaa miguu iliacha kuwaka moto, kiu ya usiku ikapungua, na suruali zikaanza kunivuka.

Shida ni kwamba siku zile ukikonda hakuna anayekupongeza. Kule kwetu Uyole walishaanza kunong'ona kwamba nina kifua kikuu. Na mdogo wangu Ambakisye alikuwa amempenda binti wa Mzee Masanja, mfugaji aliyehamia Usangu kutoka kaskazini, na kwa kuwa baba yetu alishafariki, mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kuposa. Nikawaza, wakiniona hivi watasema ukoo huu una ugonjwa, na binti hatutampata. Basi nikachukua doti ya kanga ya mke wangu, tena mpya (sikumwomba, alikuwa sokoni), nikajizungushia tumboni kanga zote mbili, nikafunga koti la suti ya Kaunda juu yake. Nilipojitazama kwenye kioo, jamani, nilikuwa mheshimiwa.

Sasa Uyole ni baridi, lakini Rujewa, kwao binti, kuna joto la kuivisha mpunga. Tulipokaribishwa nilikuwa nimelowa, na mbele yetu wakaweka wali, mlima wa nyama ya ng'ombe, na pembeni kibakuli cha kunde na kingine cha mlenda, ambavyo nafikiri viliwekwa kwa ajili ya watoto. Mimi nikavuta kunde, nikavuta na mlenda, nyama sikuigusa, huku Ambakisye akinikanyaga mguu chini ya meza. Shangazi wa binti alikuwa ananitazama tu, mimi na tumbo langu.

Mzee Masanja akaacha kula, akauliza polepole kama chakula cha nyumba yake kinatutia wasiwasi. Hapo nikajua posa inazama. Nikasimama haraka nijieleze, na fundo lililolowa jasho likaachia. Nilikuwa naeleza heshima ya ukoo wetu huku kanga inashuka chini ya koti, ya kwanza ikafika magotini, ya pili ikanizunguka miguu, na koti likabaki linaning'inia kama gunia tupu.

"Iteni mkunga," shangazi akasema.

Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mzee hakucheka.

"Unaumwa nini? Sema kweli, mwanangu anakuja kukaa kwenu."

Nikasema yote, nimesimama palepale juu ya kanga: sukari, kiu, kuamka kukojoa usiku kucha, miguu, daktari, maharage, na kwamba sijawahi kujisikia mzima kama sasa, ila niliona haya kuonekana mwembamba. Mzee akanyoosha mguu wake, akautazama.

"Huu wangu unawaka moto tangu mwaka jana," akasema. "Huyo daktari anakaa wapi?"

Kisha akasukuma nyama upande wa vijana, akavuta kibakuli cha kunde. Nusura nilie.

Posa ikakubaliwa, na baadaye nilimpeleka mzee mwenyewe kwa daktari kwa lori langu. Lakini kwa kukimbia aibu niliondoka na kanga moja tu, na nyumbani mke wangu alininunia kwa muda mrefu kuliko nilivyoumwa. Siku ya harusi Mzee Masanja akashuka mbele ya mlango wetu, amepungua, mshipi ameukaza mpaka tundu la mwisho, mkononi amebeba kanga ya pili imefungiwa kunde za shambani kwake.

"Mkwe," akasema, "tumbo lako hili hapa, lipike."

Tukalipika, tukalila wote. Na tangu siku hiyo nikipungua napungua hadharani, kanga namwachia mwenyewe.