Sauti Inayomwita Mama Yangu Mchawi ni ya Mume Wangu

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu yaache yalivyo hata kama ni makali. Mimi ni mama wa miaka 51, Mgogo, naishi Makole hapa Dodoma na mume wangu wa ndoa ya kanisani. Watoto wameshaanza maisha yao. Wanaosoma, msiniandikie "pole dada" halafu mkapita zenu, maana mama yangu mzazi anaweza kuuawa kwa jambo hili.

Nianzie mbali kidogo. Wakati ule wa ruksa, wageni walikuwa wanaingia nchini kwa kila namna, na kijijini kwetu karibu na bwawa la Mtera walikuja wazungu wamepakia mashua juu ya lori. Walikuwa wanatengeneza filamu ya hadithi ya zamani sana ya Wagiriki, na walikuwa wanazunguka maziwa na mabwawa wakiiigiza huku wanasafiri kwa tanga. Mimi nilikuwa binti, nawapikia. Mkalimani wao alikuwa kijana wa mjini aliyesoma, mchangamfu, mwenye sauti nzito ya kupendeza. Ndiye huyu mume wangu.

Hadithi yenyewe ni ya mtoto wa mfalme aliyekwenda ng'ambo kuua dude, nusu mtu nusu ng'ombe. Alimwahidi baba yake kwamba akirudi mzima atapandisha tanga jeupe, na akifa wenzake watarudi na tanga jeusi. Alishinda, lakini kwa furaha akasahau kulibadilisha lile jeusi waliloondoka nalo. Baba alipoona tanga jeusi akajitupa baharini akafa.

Sasa wale wazungu walitaka wanakijiji wakae ukingoni, na tanga jeusi likipanda waangue kilio. Kazi ya kuwaeleza ilikuwa ya mkalimani. Hakueleza! Aliwaambia tu, "Kaeni hapa, mtazame majini." Na mwaka ule jua lilikuwa limetuunguza, mtama umekauka, ng'ombe wanakufa. Kwetu nyeusi ndiyo rangi ya mvua. Wazee wakiomba mvua wanatoa mnyama mweusi, wanavaa nguo nyeusi, ili wingu nalo lije jeusi. Basi tanga lile lilipopanda, mama yangu aliruka juu akapiga vigelegele, akacheza, akainua mikono, na wanawake wengine wakamfuata. Na mimi nililiona tanga lile kama wingu la mvua, kama alivyoliona mama yangu, nikacheka kwa furaha. Mkubwa wa wale wazungu akasema wasikate, waendelee kupiga picha.

Wakaondoka. Mkalimani akaenda nao Dar "kumalizia kazi". Aliporudi akaleta posa kwetu, na mama yangu huyo huyo akampokea kama mwanawe wa kumzaa. Filamu hatukuiona kamwe.

Mwezi uliopita kipande chake kimetokea kwenye simu za vijana wa kijijini. Sijui nani alikitoa wapi. Mzee wa kizungu anajitupa majini, halafu anatokea mama yangu anacheza na kupiga vigelegele, na sauti ya Kiswahili ya msimulizi inasema, "Mtazameni mchawi, mke wa mfalme, anavyoshangilia kifo." Mama hajui kusoma, wala hizo hadithi za Wagiriki hazijui. Wanakijiji nao wameona mtu anakufa bwawani na bibi yule anasherehekea, na bwawa lile limeshameza watoto wa watu.

Kwenye msiba wa jirani alipeleka ugali na mlenda kama ilivyo desturi. Wakamwaga mbele yake, wakawapa kuku. Mama wa miaka themanini na kitu, macho mekundu kwa moshi wa kuni, anaishi peke yake. Mnajua mikoa yetu hii bibi wa namna hiyo anafanywa nini.

Sauti ile niliitambua kabla sentensi haijaisha. Nimelala nayo kitanda kimoja miaka yote hii. Nikamwekea mume wangu simu sikioni.

"Ni wewe?"

"Nilisoma walichoniandikia."

"Ulijua aliyepo kwenye picha ni mama?"

Akanirudishia simu. Halafu akasema, "Mke wangu, maji yakimwagika hayazoleki."

Hayazoleki! Nikamwomba twende kijijini, aitishe mkutano, aseme hiyo ni hadithi, aseme yeye ndiye hakuwaeleza watu, aseme sauti ni yake. Watamwamini, ni mkwe wao na ni msomi. Akakataa, eti ataonekanaje. Nikasema basi mama aje akae hapa kwetu. Mnajua alinijibu nini? "Watu watasema nimefuga mchawi." Yeye! Mwanaume aliyekula kwa mama yangu, aliyeuguzwa homa na mama yangu! Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nilitupa sufuria ukutani, na sijutii.

Mama mwenyewe nilimfuata nikampigia magoti ahame kijijini. Alisema, "Mwanangu, mimi siondoki. Nikiondoka nimekiri. Mwambie mumeo aje aseme, yeye alikuwepo." Anamsubiri mkwewe. Sijamwambia ile sauti ni ya nani, anadhani ni ya mzungu.

Jumapili hii mume wangu anasimikwa kuwa mzee wa kanisa. Mchungaji atauliza kama kuna mwenye pingamizi. Nimewaza kusimama pale mbele za watu, niicheze ile video kwa sauti, wamsikie. Najua ndoa itaishia hapo hapo, na watoto wameshaniambia nisimwaibishe baba yao. Lakini nikinyamaza na mimi nitakuwa nimemwita mama yangu mchawi.

Mama amenipigia leo asubuhi. Anasema vijana wamekuja kumuuliza kwa nini siku hizi usiku anafunga mlango wake. Nishaurini nifanye nini, ila msiniambie nisubiri.